Don Plutarko wa Matuu

Kazi ya kwanza ya sauti aliyowahi kufanya Musembi ilikuwa ya kuua panya. Hilo hulisema mwenyewe, tena kabla hujamuuliza, kwa sababu amegundua kwamba asipolisema yeye watalisema wajomba zake. Muuza dawa mmoja wa soko la Matuu alikuwa na kipaza sauti alichokifunga kwenye baiskeli, na alitaka mtu wa kumrekodia tangazo, maana koo lake lilikuwa limekwisha kwa kupiga kelele tangu ujana. Musembi, ambaye wakati huo alikuwa akipiga pasi suruali za watu wa ng'ambo katika kiwanda kimoja cha EPZ kule Athi River, alikuwa nyumbani likizo, hana la kufanya. Akarekodi kwa simu, nyuma ya choo cha hoteli, mahali pekee palipokuwa na utulivu. Akalipwa pakiti za dawa ya panya, na kwao hawakuwa hata na panya.

Tangazo lenyewe halikuwa na makuu. Lilieleza kwamba panya angeonja kidogo, angesikia kiu, angetoka nje taratibu kutafuta maji, na hangerudi. Lakini Musembi alilisema kwa upole wa kutisha, kana kwamba anamwonea panya huruma na bado hana budi. Katika maisha ya kila siku hakuwa na sauti hiyo kabisa. Huyu ni mtu ambaye akifungiwa mifupa mitupu buchani husema asante, na akikanyagwa mguu yeye ndiye huomba radhi. Mpe maneno ya mtu mwingine, mfiche mahali asipotazamwa, hapo ndipo utamjua.

Aliyemjua alikuwa Najmo. Alizaliwa Machakos mjini, akasomea Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata watu wakaona haya kuongea mbele yake. Alikuwa amekuja Matuu kumwona ami yake Isse, mwenye hoteli ya pilau karibu na stendi, na akiwa mlangoni akasikia baiskeli ikipita inawaaga panya. Aliacha chai yake, akaifuata baiskeli hadi sokoni, kwa wauza viazi.

Hapa inabidi tuizungumzie chaneli ya Mkufu, maana bila Mkufu, Musembi angekuwa bado anapiga pasi. Historia ya Mkufu haijaandikwa popote. Waliishuhudia wanywa chai wa Isse. Isse ndiye mtu wa kwanza pale kufunga dishi na kulilipia kila mwezi, kwa ajili ya mpira, na Mkufu ilikuwa namba inayofuata baada ya chaneli ya mpira. Mechi ikiisha, mtu alibonyeza kitufe mara moja kwa uvivu, na hapo ndipo walipoikuta: chaneli ya burudani iliyokuja na kifurushi kama mkia unavyokuja na ng'ombe. Enzi hizo ilionyesha filamu za Kizungu zile zile mpaka wateja wa Isse wakajua ni nani atakufa na amevaa viatu gani. Baadaye ikaonyesha mapishi ya nyama ya nguruwe, na Isse akaiziba runinga kwa kitambaa cha meza.

Kisha wenye chaneli wakabadilika. Wapya wakaona kwamba hakuna anayelipia dishi ili amtazame Mzungu akioka mkate, wakanunua tamthilia ndefu za Amerika ya Kusini na kuamua kwamba wale watu wote, mabwana wa mashamba, mapadri, wajakazi na wajane, waongee Kiswahili. Waliohitajika sasa ni watu wa kuwasemea. Najmo alipewa kazi ya kuwatafuta na kuwaongoza.

Studio ilikuwa nyumba ya kupanga kule Syokimau, na chumba cha kurekodia kilikuwa chumba cha kulala kilichozungushiwa magodoro. Ndege za Nairobi zilipita juu ya paa, na kila ikipita moja, mjane aliyekuwa akilia kaburini aliambiwa asubiri. Musembi alianza chini. Aliwahi kuwa umati wa watu sokoni, peke yake. Aliwahi kuwa daktari asemaye kwamba wamefanya yote waliyoweza, na aliwahi kuwa mbwa, kwa sababu sauti ya mbwa halisi ilikuwa imepotea kwenye mkanda. Najmo alimsahihisha Kikamba chake kikitokeza ndani ya Kiswahili, na siku ya mbwa alimwambia kwamba hata hapo kimetokeza.

Ndipo ilipokuja *Bonde la Machungwa*, na ndani yake Don Plutarko, tajiri wa mashamba mwenye masharubu, aliyemfukuza mkewe Inosensia na mtoto mchanga kwenye mvua, akamwoa dada wa huyo huyo Inosensia. Najmo hakutafuta mbali. Akamwambia Musembi, "Hebu niletee yule wa panya."

Mkufu haikuwahi kuvuma hivyo kabla wala baada ya hapo. Ikahamishiwa kifurushi cha bei ya chini, na madishi yakachipuka Yatta yote, juu ya mabati na juu ya vibanda vya mbuzi. Saa kumi alasiri wanawake waliokuwa wakichambua maembe ya kupelekwa Thika waliyaacha maembe. Musembi akija nyumbani wikendi alitembea Matuu akijisikia kutoka mlango hadi mlango, akitukana, akitisha, akicheka kile kicheko cha Plutarko kinachoanzia tumboni. Hakuna aliyemgeukia. Siku moja alisimama nje ya kinyozi, akisikiliza sauti yake ikimnyang'anya mjane shamba, na kinyozi akatoka kumwambia asizibe mwanga. Akaomba radhi, akasogea.

Aliyekuwa akiijua siri hiyo na kuifurahia ni Katunge. Katunge huuza miche ya maembe karibu na daraja, anajua kuunganisha mwembe wa apple na wa kienyeji kwa macho yaliyofumbwa, na alimpenda Musembi kwa jinsi alivyonunua miche mitatu aliyokuwa hana pa kuipanda kwa sababu ya kukosa ujasiri wa kusema anapita tu. Mambo yakawa mazuri, ikabaki siku ya kwenda kujulishwa kwao, upande wa Kithimani.

Kwa Katunge mwenye boma ni baba yake, Reuben. Lakini juu ya Reuben kuna mama yake, ambaye kila mtu humwita Susu, yaani bibi, na hata chifu humwita hivyo. Susu alikuwa ameanza kuona ukungu. Katunge alimfungia dishi na betri ya sola ili asichoke kukaa, na Susu, ambaye alijifunza Kiswahili kwa kuuza pojo sokoni miaka mingi, akaacha kutazama runinga na kuanza kuisikiliza. Hakukosa hata siku moja ya *Bonde la Machungwa*.

Musembi alifika na ami yake Muli, mpatanishi wa ukoo, mtu wa maneno mengi, na hilo lilikuwa jema kwa sababu Musembi mwenyewe hakutoa neno. Alikula muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kimya. Akaulizwa kazi, akaitikia kwa kichwa. Reuben akaanza kumtazama Muli kwa jicho la kuuliza kama kijana huyu ni bubu na kwa nini hawakuambiwa mapema.

Hapo Musembi akafanya jambo ambalo mpaka leo, akilikumbuka, huziba uso kwa mikono. Alikuwa ameambiwa Susu anaipenda sana tamthilia. Akachukulia kwamba basi anampenda Plutarko. Akaweka sahani chini, akafumba macho ili asione watu, na kwa sauti ile iliyomnyang'anya mjane shamba akasema, "Inosensia, toka. Nyumba hii ni yangu. Mvua ni yako."

Mdogo wa Katunge akacheka, akajiziba mdomo. Susu aliweka kikombe chake mezani polepole, akakikosa kisahani.

"Ni wewe?" akauliza.

Musembi, akiwa amejaa furaha ya kutambuliwa kwa mara ya kwanza maishani, akasema ndiye.

Mambo mengine yaliendelea kama yalivyopangwa. Lakini wageni walipoondoka alimwita Reuben na kumweleza kwamba mbuzi wa ntheo wakija, yeye hatakula nyama. Asiyejua ntheo na aelewe hivi: upande wa mwanamume huleta mbuzi, anachinjwa, koo mbili zinakula pamoja, na tangu hapo msichana ni mke wa mtu hata kama harusi ya kanisani haijafanyika. Susu asipoonja, mbuzi huyo amekufa bure. Reuben alijua hivyo, na alijua pia kwamba hatamlazimisha mama yake kula kitu.

Katunge alidhani ni uzee, akaenda kumweleza kwamba Plutarko ni maigizo tu. Jibu alilolipata alilileta kwa Musembi neno kwa neno, na ndilo lililomnyima usingizi.

"Mimi si mjinga," Susu alikuwa amesema. "Najua ni sinema. Najua hajafukuza mtu. Lakini hayo maneno yanamtoka vizuri sana, hayamkwami. Siku mtakosana, ako nayo tayari. Na tangu nianze kumsikia, sijawahi kusikia hiyo sauti ikiomba msamaha. Mjukuu wangu sipei sauti haijui kuomba msamaha."

Lililomuuma Musembi ni kwamba hakuona kosa katika hoja hiyo. Alijua vizuri raha aliyoipata ndani ya magodoro, akimfukuza mtu kwenye mvua. Hakuwa na mahali pengine popote duniani pa kumfukuzia mtu.

Akaenda kumuuliza Najmo kama Plutarko ataomba msamaha huko mbele. Najmo akatazama maandishi mpaka sehemu ya mwisho, akasema hapana, anakufa vivyo hivyo. Kisha akamwambia habari nyingine ambayo alitaka aisikie kwake: Mkufu inafungwa mwisho wa mwezi. Wenye chaneli walikuwa wameuza tena, na wanunuzi walitaka ile nafasi kwenye setilaiti, hawakuitaka tamthilia. Tamthilia ingekatikia palepale itakapokuwa imefika.

Kwa hiyo ulibaki muda mfupi. Na kwa bahati, sehemu moja iliyokwisha kutengenezwa ilikuwa imerudishwa, kwa sababu ndege ilisikika ikipita juu ya nyumba ya Plutarko katika zama za farasi. Ikabidi irekodiwe upya. Katika sehemu hiyo Plutarko anasimama dirishani, ameipa kamera mgongo, anatazama michungwa bila kusema neno. Wanaofanya kazi hii wanajua mgongo ni zawadi, maana mtu akikupa mgongo midomo haionekani, na unaweza kumsemesha chochote.

Musembi akamsemesha. Taratibu, kwa sauti nzito iliyovunjika kidogo mwishoni, mgongo wa Don Plutarko ukasema, "Inosensia, nimekukosea wewe na mtoto. Nisamehe."

Najmo alisimamisha mashine, akamuuliza maneno hayo yameandikwa wapi. Musembi akaeleza yote, mbuzi, Susu, kikombe, akitazama viatu vyake. Najmo alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akasema chaneli inakufa hata hivyo, nani atalalamika, na akaiacha sehemu iende ilivyo.

Alhamisi, siku ya kurushwa sehemu hiyo, Musembi alikuwa Kithimani, na kilo mbili za sukari, ameketi kando ya Susu kama mtu aliyepita tu kusalimia. Mgongo ukafika. Mgongo ukasema. Susu akainamisha kichwa na kukaa hivyo mpaka matangazo yakaisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata yeye." Akamwita Reuben na kumwambia mbuzi wanaweza kuja Jumamosi.

Mtu mwenye akili angekumbuka kitu hapo. Musembi alikwenda zake kwa Muli akipiga mluzi, na usiku huo akala sahani mbili. Hakukumbuka kwamba sehemu ya Ijumaa alikuwa ameirekodi zamani, kwa bidii kubwa, na kwamba ndani yake Don Plutarko anamchomea Inosensia ghala lililojaa machungwa, halafu anacheka. Najmo alikuwa amekisifu sana kile kicheko. Kilitumiwa hata kwenye matangazo ya chaneli.

Jumamosi asubuhi Muli alikuwa njiani na mbuzi watatu wazuri, amevaa koti, alipokutana na Katunge akishuka kwa miguu kuja kuwarudisha. Susu alikuwa ametuma neno moja tu. Alisema afadhali Plutarko alipokuwa hajui kuomba msamaha, kwa sababu sasa anajua na haimsaidii. Muli aliwageuza mbuzi. Kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, watu walimwuliza njia nzima kama wanauzwa, na yeye, kwa hasira, akawaambia wakamwulize Don Plutarko.

Katunge hakulia mbele ya Musembi, lakini alimwambia kitu kilichokuwa kibaya zaidi. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameusadiki ule mgongo.

Mwezi ukaisha. Alasiri moja Mkufu ilikatika kukiwa na padri katikati ya sentensi, ikaja rangi ya samawati na maandishi ya kuwashukuru watazamaji. Kithimani nzima ilidhani ni dishi. Vijana walipanda mabatini kuligeuza, mtu akalaumu betri, mwingine akalaumu mwembe uliokua. Kwa Isse, kwa mara ya kwanza, wanaume walinung'unika kwamba mechi imeisha na hakuna kitu namba inayofuata. Musembi alibeba magodoro mawili aliyopewa kama kiinua mgongo, akarudi kuomba kazi yake ya pasi.

Kisha Susu akamwita. Si kwa ajili ya posa. Ujumbe ulisema waziwazi kwamba anataka kujua hadithi iliishaje, na hamjui mtu mwingine anayeujua mwisho wake.

Njia nzima Musembi aliitengeneza. Alikuwa ameyasoma maandishi, alijua Plutarko anakufaje, lakini sasa hapakuwa na runinga ya kumkanusha kesho yake. Angeweza kumpigisha magoti. Angeweza kumfanya ajenge upya ghala kwa mikono yake, amrudishe Inosensia kwenye ile nyumba, aiache mvua imnyeshee yeye. Alipofika mlangoni alikuwa na msamaha mzuri kuliko wowote uliowahi kurushwa hewani.

Susu alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, akichambua pojo kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia tena. Katunge alikuwa ndani, akijifanya ana kazi. Musembi akaketi chini, akakohoa, na kwa sauti ya Don Plutarko akaanza: ugonjwa ulimshika bwana mkubwa, akamtuma mjakazi amwite Inosensia.

"Hiyo ni yako," Susu akasema, bila kuacha pojo. "Hata ile ya dirisha ilikuwa yako. Nilijua Ijumaa."

Musembi akakohoa tena. Alitafuta sauti ile nyingine, haikuwapo. Ilikuwa na majibu ya mke, ya mjane na ya padri, lakini ya bibi kizee anayechambua pojo haikuwa nayo. Ikabaki ile yake ya buchani. Akaanza kwa Kiswahili, ikagoma, akarudi kwenye Kikamba. Akasema Susu, mimi. Akasema nilitaka. Akasema si Plutarko, ni mimi niliyeweka yale maneno, nikakudanganya nyumbani kwako nikinywa chai yako, na Katunge pia nikamdanganya. Neno lenyewe la kuomba msamaha lilimkwama katikati mara mbili, na la tatu lilitoka nusu, pamoja na machozi ambayo hakuyapanga. Akajifuta kwa kiganja. Hakuwahi kufanya kazi mbaya hivyo tangu azaliwe.

Vidole vya Susu vilikuwa vimesimama juu ya ungo.

"Haya, sasa nipe ya ukweli," akasema. "Alikufaje?"

Musembi akamweleza. Plutarko alianguka kutoka kwenye farasi katikati ya michungwa, akalala hapo na kiu mpaka jua likazama, na Inosensia aliyepita akampa maji. Akayanywa. Hakusema nisamehe, hakusema hata asante. Akafa.

Susu akarudi kwenye pojo zake. Ilionekana jibu hilo limemridhisha, au angalau halikumshangaza.

"Yule maneno hayakuwahi kumkwama hata siku moja," akasema mwishowe, na sasa alisema kwa Kikamba. "Mwambie Muli alete mbuzi. Na awe mchanga, meno yangu ni machache."

Musembi alifungua kinywa ajibu, na hakuna kilichotoka. Katunge ndiye aliyesema asante kutoka ndani, kwa ajili yao wote wawili.